Ronald Ngala: Mwalimu Aliyekivunja Chama Chake

Mwanafunzi wa Kiswahili anayepekua rafu za vitabu vikongwe maktabani, hasa vile vilivyotolewa na Eagle Press mwishoni mwa miaka ya 1940, huenda akakutana na kijitabu kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama. Kilichapishwa mwaka wa 1949. Watafiti wa utamaduni wa Wamijikenda hukitaja katika marejeleo yao, kisha kikarudishwa rafuni. Kwa upande mwingine, abiria anayeshuka matatu katikati ya jiji la Nairobi hukanyaga barabara ya Ronald Ngala kila uchao bila kujiuliza huyo Ngala alikuwa nani. Ni wachache mno wanaounganisha mambo hayo mawili na kutambua kuwa aliyekiandika kijitabu ndiye mwenye barabara, na kwamba mtu huyohuyo aliwahi kuongoza serikali ya Kenya kabla ya uhuru, akawa kiongozi wa upinzani, kisha akakizika chama chake kwa mikono yake mwenyewe.

Makala haya yananuia kuyasimulia maisha ya Ronald Gideon Ngala kwa kuuegemea zaidi upande wa uchaguzi na uhamaji wa vyama. Sababu ya kuuchagua upande huo ni nyepesi. Kila uchaguzi unapobisha hodi nchini mwetu, wanasiasa wanaogura vyama hulaumiwa kana kwamba wao ndio walioibuni tabia hiyo. Anayerudi nyuma hadi miaka ya 1960 atagundua kuwa ugonjwa huu ni mkongwe kuliko katiba zetu zote za baada ya uhuru, na kwamba baadhi ya walioambukizwa hawakuwa watu wepesi wa kununulika.

Mwana wa Gotani

Ngala alizaliwa mapema katika miaka ya 1920 huko Gotani, katika Wilaya ya Kilifi, miongoni mwa Wagiriama. Eneo hilo liko bara kidogo, nyuma ya ukanda wa pwani, na mahali hapo pana maana kubwa katika kisa chetu. Sheria ya hatimiliki ya mwaka wa 1908 iliwawezesha baadhi ya wakazi wa ukanda wa pwani kusajili ardhi kama mali ya mtu binafsi. Wamijikenda, ambao waliimiliki ardhi kwa pamoja kwa kufuata mbari na koo, waliachwa nje ya mlango huo. Wengi wao walijikuta wakiitwa maskwota katika mashamba ambayo baba zao waliyalima. Mtoto aliyelelewa katika mazingira hayo hakuhitaji kusoma kitabu chochote ili ajue kwamba serikali iliyo mbali inaweza kukunyang'anya ulicho nacho kwa karatasi tu.

Alipata elimu yake ya awali Pwani, akaendelea katika Shule ya Upili ya Alliance iliyoko Kikuyu, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda alikosomea ualimu. Aliporejea alifundisha, akawa mwalimu mkuu Mbale katika Taita, na baadaye katika Shule ya Buxton mjini Mombasa. Ni katika kipindi hiki cha ualimu ndipo alipoandika kijitabu chake. Kichwa chenyewe kinatangaza azma yake: nchi kwanza, desturi baadaye. Aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kigiriama wala Kiingereza, ingawa lugha zote tatu alizimudu. Inafaa tukumbuke kwamba wakati huo mwalimu Mwafrika aliyetaka kutambuliwa na wakubwa wake aliandika kwa Kiingereza. Aliyetaka kusomwa na jirani zake wa Taita, Mombasa na Lamu aliandika kwa Kiswahili.

Kura tatu kwa mtu mmoja

Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vyenyewe vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Ngala aligombea kile cha Pwani na akakitwaa. Wenzake walikuwa Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Lawrence Oguda wa Nyanza ya Kusini, Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Bernard Mate wa Mkoa wa Kati na James Muimi wa Ukambani.

Uchaguzi huo ulikuwa na utaratibu ambao kijana wa leo ataona kama kichekesho. Si kila mtu mzima aliyepiga kura, na si kila aliyepiga kura alipiga moja. Mpigaji kura alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake, umri wake na utumishi wake serikalini. Aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Mwalimu mwenye cheti na mshahara alikuwa na uzito wa wakulima watatu. Mantiki ya waliobuni mpango huo ilikuwa kwamba wasomi wangewachagua watu wapole. Hesabu yao haikutimia, maana wote wanane walipoingia barazani walikataa kushika nyadhifa za uwaziri na kudai viti zaidi.

Miongoni mwa hao wanane, Ngala alijulikana kwa upole wa sauti na ugumu wa msimamo. Mkutano wa kwanza wa katiba ulipofanyika Lancaster House, London, Januari 1960, wajumbe Waafrika walihitaji kiongozi ambaye hangezua uhasama baina ya Mboya na Odinga. Walimteua Ngala kuwa mwenyekiti wa ujumbe wao, na Mboya akawa katibu. Huo ulikuwa wakati wa mwisho ambapo viongozi hao wote walizungumza kwa sauti moja.

Chama alichopewa na chama alichokitaka

Baada ya London, vyama vya nchi nzima viliruhusiwa. KANU iliundwa Kiambu kati ya Machi na Mei 1960, James Gichuru akiwa rais wa muda huku Jomo Kenyatta akiwa bado kizuizini. Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina na Moi kuwa msaidizi wake, ilhali wote wawili walikuwa ng'ambo na hawakuwepo mkutanoni. Hapa ndipo mtu anaweza kusema kwamba Ngala aligura chama kabla ya kukiingia. Hakuukubali wadhifa ule. Mnamo Juni 1960, yeye, Moi, Muliro na viongozi wa jamii nyingine ndogo walikutana Ngong na kuunda KADU, muungano wa vyama kadhaa vya kimaeneo. Ngala akawa rais wake.

Wapinzani wake walikieleza kitendo hicho kama hila ya walowezi. Kwa maoni yangu, maelezo hayo hayatoshi. Ni kweli kuwa baadhi ya Wazungu walifurahi kuona Waafrika wakigawanyika, na wengine walikifadhili chama hicho. Hata hivyo, hofu iliyoizaa KADU ilikuwa na mizizi yake. Wakalenjin na Wamasai walijiuliza ni nani angepewa mashamba ya Wazungu katika Bonde la Ufa pindi wangeondoka. Wamijikenda walijiuliza iwapo hatimiliki zilizowapita mwaka wa 1908 zingewapita tena. Maswali hayo hayakubuniwa na mlowezi yeyote, na aliyeishi Kenya baada ya hapo anajua kwamba hayakuwa ya kipuuzi.

Uchaguzi wa Februari 1961 ndio uliomfikisha Ngala kileleni, tena kwa njia isiyo ya kawaida. Kulikuwa na viti 33 vya wazi, na vingine 20 vilivyotengewa Wazungu, Waasia na Waarabu. KANU ilipata takriban asilimia 67 ya kura, lakini viti 19 tu. KADU ilipata takriban asilimia 16 ya kura na viti 11. Tofauti hiyo ilitokana na mipaka ya maeneo ya uwakilishi. KADU ilikuwa na nguvu katika maeneo mapana yenye watu wachache, na kila eneo, liwe na msongamano au liwe jangwa, lilikuwa na kiti chake.

Ajabu kubwa zaidi ilikuwa katika viti vya Wazungu. Mgombea alitakiwa kwanza apite mchujo kwa kupata angalau robo ya kura za Wazungu wenzake. Akishapita, alipigiwa kura na watu wote wa eneo hilo, Waafrika wakiwemo. Katika Bonde la Ufa, Michael Blundell, aliyeonekana na walowezi wengi kuwa msaliti kwa kukubali utawala wa Waafrika walio wengi, aliponea chupuchupu katika mchujo. Wazungu wengi walimchagua mpinzani wake, Ferdinand Cavendish-Bentinck. Raundi ya pili ilipofika, Waafrika walijitokeza na kumpa Blundell ushindi mkubwa. Sidhani walifanya hivyo kwa kumpenda. Walikuwa na Wazungu wawili mbele yao, na hawangeweza kumchagua mwingine yeyote. Waliipeleka kura yao kwa yule ambaye ushindi wake ungewaumiza kidogo zaidi. Watu hao, wengi wao wakipiga kura kwa mara ya kwanza maishani, walikuwa wameifahamu vyema kura ya kimkakati, ile inayopigwa ili kuzuia badala ya kuchagua.

Kura hizo ziligeuka kuwa mtaji wa Ngala. KANU ilikataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe. Gavana Patrick Renison alikataa kumwachilia. Baada ya wiki kadhaa za mkwamo, Ngala alikubali kuunda serikali mnamo Aprili 1961 akishirikiana na kundi la Blundell na baadhi ya wajumbe Waasia, huku gavana akiteua wajumbe wa ziada ili serikali hiyo isianguke. Akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali.

Hakuna tendo lililomgharimu Ngala zaidi ya hilo. Kwa wafuasi wa KANU, alikuwa ameketi katika kiti ambacho mwenyewe yuko kifungoni. Kwa upande wake, alishikilia kuwa serikali iliyo mikononi mwa Mwafrika ingemtoa Kenyatta haraka kuliko serikali ya gavana peke yake, na ni kweli kwamba nyumba ya Kenyatta ilijengwa Gatundu na Kenyatta akarejea kwake Agosti 1961, Ngala akiwa madarakani. Lakini siasa haina hisabati ya namna hiyo. Kenyatta alipotoka, alijaribu kuvipatanisha vyama viwili, akashindwa, na mwezi Oktoba akakubali kuwa rais wa KANU. Kuanzia siku hiyo Ngala hakushindana tena na chama, bali alishindana na jina.

Majimbo

Mkutano wa pili wa Lancaster House ulianza Februari 1962. KADU ilikwenda na mpango wa majimbo, yaani nchi igawanywe katika maeneo yenye mabunge yake, yenye mamlaka juu ya ardhi, polisi na elimu. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu. Mapatano yaliyofikiwa yaliipa KADU sehemu kubwa ya ilichokitaka. Katika serikali ya mseto iliyofuata Aprili, Kenyatta na Ngala wote wawili walikuwa mawaziri wa nchi wa masuala ya katiba, kila mmoja akiwa na nusu ya wizara. Ni vigumu kuwaza picha iliyo bora zaidi ya nchi iliyogawanyika: mafahali wawili katika zizi moja, na kazi yao ni kuliandikia zizi hilo kanuni.

Kwa Pwani mpango wa majimbo ulikuwa na umuhimu wa pekee. Wakati huo kulikuwa na watu wa Mwambao waliotaka ukanda wa maili kumi, uliokuwa bado chini ya Sultani wa Unguja kwa jina, ujitenge na Kenya. Ngala alitaka ukanda huo ubakie Kenya, lakini ndani ya jimbo la Pwani lenye madaraka halisi. Alisimama baina ya wale waliotaka kuondoka na wale waliotaka Nairobi itawale kila kitu, na aliyesimama katikati hupigwa mawe ya pande mbili.

Katika uchaguzi wa Mei 1963 uhamaji ulianza kuonekana waziwazi. Paul Ngei alikuwa amejiondoa KANU mwaka wa 1962 na kuunda chama cha APP kilichowategemea Wakamba, na akashirikiana na KADU katika uchaguzi huo. Wasomali wa Kaskazini Mashariki waliususia. KANU ilishinda kwa viti 83 katika Baraza la Wawakilishi, KADU ikapata 33 na APP 8. Kenyatta akawa Waziri Mkuu, Ngala akawa Kiongozi wa Upinzani. Kabla mwaka haujaisha, Ngei alikuwa amerudi KANU na watu wake.

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Mnamo Septemba na Oktoba 1963, Ngala alipokuwa London akipigania katiba ya majimbo isiguswe, wabunge kadhaa wa KADU waliohesabiwa kuwa wake walivuka upande wa serikali kule nyumbani. Ebu fikiria hali ya mtu anayejadiliana kwa niaba ya wafuasi wanaopungua kila gazeti linapochapishwa. Viongozi wa KADU walifikia hatua ya kutishia kuigawa nchi. Waingereza waliona wazi upepo unavuma wapi, wakakubali kulegeza masharti ya kurekebisha katiba.

Masharti yenyewe yanafaa kuelezwa, kwani hapo ndipo penye kiini cha kisa chetu. Marekebisho ya kawaida yalihitaji asilimia 75 ya kura katika kila bunge. Vifungu vilivyolindwa, vikiwemo vile vya majimbo, vilihitaji asilimia 90 ya maseneta. Seneti ilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja kwa Nairobi. Kwa hesabu ya karatasi, maseneta watano tu waliosimama imara wangeweza kuizuia serikali nzima. Yaliyolegezwa London ni kwamba serikali ikishindwa bungeni ingeweza kwenda kwa wananchi, na theluthi mbili ya kura ya maoni ingetosha. Tokeo lake ni kwamba ulinzi wote wa majimbo, na matumaini yote ya Ngala, yaliwekwa mabegani mwa watu wachache ambao kila mmoja wao alikuwa na wilaya inayodai barabara, shule na maji. Mabunge ya majimbo nayo yalinyimwa fedha na mamlaka na serikali kuu, hata yakawa majengo yenye vibao tu.

Tarehe 10 Novemba 1964

Mwaka wa 1964 Kenyatta alitangaza kuwa Kenya ingekuwa jamhuri ifikapo tarehe 12 Desemba. Mswada uliohusika ulibadili pia mamlaka ya majimbo. Kama Bunge halingeupitisha, kura ya maoni ingeitishwa. Ngala na wenzake walijua kwamba wangeshindwa katika kura hiyo, na kwamba kampeni yake ingegeuka kuwa kipimo cha uzalendo, na anayepinga angeitwa adui wa jamhuri.

Wabunge na maseneta wa KADU waliendelea kuvuka, mmoja baada ya mwingine. Wengine waliahidiwa maendeleo ya wilaya zao, wengine nyadhifa. Wengine, hapana shaka, walichoka tu kukaa upande usio na chochote. Kila aliyeondoka aliwadhoofisha waliobaki, na kila aliyebaki alijua kwamba atakayevuka wa mwisho hatakuwa na cha kuuza. Huu ndio mtego wa uhamaji. Haumhitaji kila mtu awe msaliti. Unawahitaji wachache wa kwanza, kisha hesabu inafanya kazi iliyosalia.

Mnamo tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kuwa KADU imevunjwa na kwamba wafuasi wake wanajiunga na KANU kwa ajili ya umoja wa taifa. Upinzani rasmi ukatoweka kwa siku moja. Wenzake walifurahi, walishangilia, wakapeana mikono. Mswada ukapita.

Je, Ngala alisaliti au aliokoa? Wapo wanaosema kwamba aliwauza waliomchagua, na kwamba mpiga kura wa Kilifi aliyempa kura ili ayalinde majimbo alistahili kuulizwa kabla chama hakijafungwa. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuipuuza. Hakuna aliyeulizwa. Uchaguzi mdogo haukuitishwa hata katika eneo moja. Wapo pia wanaosema kuwa kama angeng'ang'ania, angebaki na maseneta wawili watatu, nchi ingeingia katika kura ya maoni yenye chuki za kikabila, na Pwani ingetoka humo ikiwa imetengwa kabisa. Mimi naegemea upande wa pili, ila kwa shingo upande. Ninachokiona ni mtu aliyekuwa akikimbilia mlango uliokuwa tayari unafungwa, akaamua kuufunga mwenyewe ili kundi lake lote liingie pamoja badala ya kuachwa nje mmojammoja. Kama alilipwa kwa hilo, malipo hayakuja haraka. Moi alipata wizara Desemba hiyo hiyo ya 1964. Ngala, aliyekuwa rais wa chama, alingoja hadi 1966.

Sheria ya waliohama

Mwaka huo wa 1966 una kinaya ambacho hakuna mwandishi wa tamthilia angethubutu kukibuni. Katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru mwezi Machi, wadhifa wa makamu wa rais wa chama aliokuwa nao Odinga ulifutwa, na badala yake ukagawanywa kwa mikoa. Ngala akawa makamu wa Pwani na Moi wa Bonde la Ufa. Odinga alijiuzulu serikalini mwezi Aprili, akajiunga na chama kipya cha KPU, na wabunge wapatao thelathini wakamfuata.

Serikali ambayo mwaka wa 1964 iliwapokea wahamaji kwa nderemo sasa iliona uhamaji kuwa kosa. Mwishoni mwa Aprili Bunge lilipitisha kwa haraka marekebisho ya katiba yaliyosema kuwa mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichomdhamini lazima aache kiti na kurudi kwa wapiga kura. Ukisoma kifungu hicho kwa makini utaona kwamba kilikuwa na tawi mahususi kwa wale ambao chama chao kilikuwa kimevunjwa. Hao hawakuguswa kwa kuhama kwao kwa kwanza, lakini wakishajiunga na chama kingine hawakuruhusiwa kutoka tena bila kupoteza kiti. Kwa maneno mengine, watu wa KADU walisamehewa safari ya kwenda, kisha wakafungiwa njia ya kurudi. Na Ngala alikuwa miongoni mwa wabunge wa upande uliokileta kifungu hicho.

Chaguzi ndogo 29 zilifanyika Juni 1966, na historia inaziita Uchaguzi Mkuu Mdogo. KPU ilipata viti tisa. Wahamaji wa Odinga waliulizwa na wapiga kura wao swali ambalo wahamaji wa Ngala hawakuwahi kuulizwa. Mwezi Mei, kati ya sheria na uchaguzi, Ngala aliapishwa kuwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii. Mwaka uliofuata Seneti, ile ambayo maseneta wake watano wangetosha kuyalinda majimbo, iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi na kutoweka.

Miaka yake ya mwisho serikalini haina mengi ya kusimuliwa hapa. Alikuja kuwa Waziri wa Nguvu na Mawasiliano, akashughulika na siasa za KANU za Pwani ambazo hazikuwa na uhaba wa mahasimu, akaishuhudia KPU ikipigwa marufuku mwaka wa 1969. Kwa sisi wa Kiswahili kuna jambo moja la kuongeza. Mtu huyu aliyekiandika kitabu chake kwa Kiswahili alitumia miaka yake yote ya bungeni, kumi na mitano na zaidi, akijadiliana kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha pekee iliyoruhusiwa humo. Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni Julai 1974. Yeye alikuwa amekwisha kufa.

Konza

Desemba 1972, gari lake lilipata ajali karibu na Konza katika barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Alilazwa hospitalini na akafariki tarehe 25 Desemba, siku ya Krismasi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyuki waliingia garini, dereva akashindwa kulidhibiti. Pwani wengi hawakuyaamini maelezo hayo, na hadi leo, ukitaja nyuki mbele ya wazee wa Kilifi ukiwa unazungumzia siasa, huhitaji kuwaeleza unamaanisha nini. Hakuna ushahidi uliowekwa hadharani wa kuthibitisha kingine, kwa hiyo nayaacha hapo.

Mwanawe, Noah Katana Ngala, aliingia Bungeni baadaye na akawa waziri katika serikali ya Moi, mwenzake wa baba yake tangu siku za Ngong. Katiba ya mwaka wa 2010 iliirudisha Seneti na kuigawa nchi katika kaunti 47, Kilifi ikiwa mojawapo, na ikabakisha kanuni kwamba mbunge anayekihama chama chake hupoteza kiti. Nakala ya Nchi na Desturi za Wagiriama niliyoisoma ina kadi ya kuazimia nyuma ya jalada. Mihuri yake ni minne tu.